Mnazi wa Kwenye Ndoo

Kwetu ukimuuliza mtu kazaliwa wapi, hakutajii jina la kijiji. Anakupeleka nyuma ya nyumba ya mama yake anakuonyesha mnazi. Kitovu cha mtoto kikianguka kinafukiwa shimoni, juu yake unapandwa mche, na tangu siku hiyo mnazi ule ni wake. Nazi zake ndizo za uji wake, na akiwa binti, ndizo zinazopikiwa wali wa harusi yake. Watoto tulipogombana tulitukaniana minazi. "Mnazi wako umepinda kama wewe!" Wangu ulikuwa umepinda kweli, umelalia upande wa bahari, na nilishapigana na watu kwa ajili yake.

Leo pale ulipokuwa pana uzio wa waya wa mradi wa gesi na mimi siruhusiwi kufika. Sisemi hivyo ili nilalamike, wanaojua kulalamika wameshalalamika na wengine wamechoka. Sisi tulipewa nyumba ya matofali Quitunda, kijiji kipya cha waliohamishwa, ina bati, ina mlango unaofungika, na shamba ng'ambo ya barabara. Ninachotaka kusimulia ni habari ya ndoo.

Siku ya kuhama watu walipakia vitanda, milango, kuku, hata mawe ya jikoni. Mama yangu alimwita mkwezi akamwambia panda mnazi wa binti yangu uniangushie nazi tano kavu. Mimi nilikuwa na hasira zangu za siku ile, nikamwambia, "Mama, nazi zinauzwa mjini Palma tele, lori litajaa bure!" Akanijibu, "Hizi haziuzwi." Akazifunga kwenye kanga, akazipakata njia nzima kama vile zitavunjika.

Tulipofika alizilaza kivulini nyuma ya nyumba, akazifukia nusu kwa mchanga, akawa anazimwagia maji ya kuoshea vyombo. Zote tano zikachipua. Akaokota ndoo za rangi walizoacha mafundi ujenzi, akazitoboa chini, akapanda kila mche kwenye ndoo yake. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, na niliolewa nikiwa na thelathini, jambo ambalo kwetu ni kashfa kidogo, maana nilikwenda kusoma Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu huku Msumbiji, nikakawia huko. Wa rika langu walikuwa na watoto wanaobeba maji. Mama akipita penye zile ndoo tano alikuwa ananiangalia tumbo, wala hafichi. Mimi na mume wangu tulisema tusubiri kidogo, nyumba bado mpya, shamba bado pori, tujipange kwanza.

Kisha ikaja vita, tukakimbia. Hilo nalipita haraka, kwa sababu kila mtu wa huku ana lake na langu si kubwa kuliko la mwenzangu. Tulikaa ugenini zaidi ya mwaka. Huko mama akaanguka jikoni, na alipoinuliwa, upande wake wa kulia haukuinuka naye. Mkono ukawa wa kubebwa, mguu wa kuburutwa, mdomo ukaenda kando. Yule mwanamke aliyekuwa akizoa pweza kwa fimbo kuliko wanaume, sasa anavalishwa nguo.

Tuliporudi Quitunda, ndoo nne zilikuwa na makuti makavu. Ya tano ilikuwa na majani mawili ya kijani. Mama akacheka kwa ule upande uliobaki. "Umeona? Wako unakusubiri."

Nikasema tuupande basi, pale karibu na tangi la maji, upate ardhi.

"Juu ya nini?" akaniuliza.

"Juu ya mchanga, mama. Minazi hupandwa juu ya nini?"

"Ukipandwa juu ya mchanga ni mti tu. Lete kitovu."

Basi ukabaki kwenye ndoo.

Mama alizaa saba. Wawili aliwazika wangali wachanga, wawili walikwenda na vita, kaka yangu yuko Mtwara na hataki kusikia habari ya kurudi, dada yangu yuko Nampula kwa mume asiyempa ruhusa hata ya kusalimia. Nikabaki mimi. Nasema hivi ili mtu asije akaniuliza kwa nini hatukutafuta ndugu wa kutusaidia. Zamani ndugu walikuwa uani. Katika ua wa bibi yangu kulikuwa na wanawake sita, na mtoto akilia anaokotwa na aliye karibu, mama mzazi hata hajui. Quitunda nyumba ziligawiwa kwa namba. Upande wetu wa kushoto walikaa watu wa bara, kulia walikaa watu ambao tulianza kujuana pale pale mlangoni, na shangazi zangu walitupwa mitaa ya mwisho kabisa.

Kazi zilipofunguka tena kwenye mradi wa gesi, tulipata wote wawili. Watu walitupongeza kana kwamba tumerudi kutoka Hija. Mume wangu aliendesha lori la maji, lile linalomwagia barabara ili vumbi lisipae. Mimi niliwekwa chumba cha kufulia nguo za wafanyakazi. Kambi ipo karibu, ukisimama mlangoni kwetu jioni unaziona taa zake. Lakini ukishaingia umeingia. Kwa ajili ya usalama hakuna kutoka mpaka zamu yako iishe, wiki nne ndani, wiki nne nje.

Sasa nani abaki na mama? Wazo lilikuwa langu, sitaki kumbambikia mtu. Nilimwambia mume wangu, tuombe zamu za kupishana. Wewe ukiwa ndani mimi niko nje, mimi nikiingia wewe unatoka, mama hakai peke yake hata siku moja. Akanitazama. Akasema, "Na sisi?" Nikamjibu, "Sisi tupo, tutakwenda wapi?" Hee! Mtu huwa na akili za kupanga kila kitu, akajisahau mwenyewe.

Basi ndoa yetu ikawa ya kituo cha basi. Basi lililomleta yeye ndilo lililonichukua mimi. Anateremka na begi, napanda na begi, katikati tunapata dakika kumi, dereva akiwa mwema kumi na tano. Namkabidhi ufunguo. "Dawa ya asubuhi kameza, ya mchana bado. Unga uko chini ya kitanda. Usimwache akakaa juani." Yeye ananipa biskuti za kambini alizoweka mfukoni. Ni mtu wa mzaha, mwaka wa kwanza alikuwa ananiamkia, "Hujambo jirani? Habari za siku nyingi?" na wanawake wenzangu dirishani wanacheka, nami nacheka. Mwaka wa pili akaniamkia vilevile, na nilipoketi kwenye kiti changu nikaona machozi yananitoka.

Kuna jambo jingine nalo linanichekesha kwa uchungu. Mimi nilikuwa nafua maovaroli ya wanaume wa watu, mifuko kwa mifuko, kila mfuko na namba yake. Nguo za mume wangu mwenyewe zilifuliwa na mwanamke wa zamu nyingine, maana akiwa ndani mimi niko nyumbani. Miaka mitatu sikushika shati lake la kazi.

Mkwe hamwogeshi mama mkwe, hilo halina mjadala. Wiki nne za mume wangu alimpikia mama, alimsomea Yasin, alimtembeza mpaka barabarani na kurudi, lakini kuoga na kuvaa ilikuwa kazi ya jirani yetu wa kulia, mwanamke wa makamo, mjane, mwenye binti mmoja. Alikuja kila asubuhi na kila jioni bila kuitwa. Nikimshukuru ananikemea, "We mwana, mama yako ni mama yangu. Acha maneno ya kizungu." Wakati mama anakaushwa mwili walikuwa wanazungumza, na sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa juu ya tumbo langu.

Mama aliamini Mungu ameninyima. Alikuwa ananiombea kila baada ya sala, mkono mmoja juu, mwingine umelala mapajani. Akamtuma jirani kwa fundi wa dawa kule njia ya Quionga, ikaletwa mizizi, ikachemshwa, ikawa chungu mno. Nikaambiwa kunywa vikombe vitatu. Nikanywa mpaka tone la mwisho, na jirani akanifuta mdomo, na mama akasema amina.

Nikanywa, na huku mkononi nina kijiti.

Kijiti cha uzazi wa mpango, wanawake mnakijua, kile kinachopitishwa chini ya ngozi upande wa ndani wa mkono, ukubwa wa kijiti cha kiberiti. Niliwekewa kabla sijaanza kazi. Mume wangu alijua. Kazini tulikuwa na kontrato, yaani mikataba, za miezi sita sita. Hakuna aliyetuambia msizae, nisiwasingizie watu. Ila tulikuwa na macho. Aliyeota tumbo, kontrato yake ikiisha inaisha. Na hata angebaki, mtoto angemweka wapi, kwenye mashine? Mama yangu alikuwa anakwenda pwani kuokota chaza na mtoto mgongoni. Akifika anafukua kishimo mchangani, anatandika kanga, anamkalisha mtoto mle asianguke, anafanya kazi yake, maji yakijaa anarudi na chaza na mtoto. Sisi sote tuliokua tulikaa kwenye vile vishimo. Kazi yake ilikuwa inampokea mtoto. Yangu ilikuwa na mlango, na mlangoni wanakagua mifuko.

Tulikuwa wanawake tisa kwenye zamu yetu. Miaka mitatu ile, aliyezaa ni mmoja, na hatukumwona tena. Tulipokuwa tunakunja mashuka tulizungumza habari hizo waziwazi. Mmoja wa bara, Mkristo, alisema yeye anataka mmoja tu, amsomeshe mpaka mwisho. Mwingine alisema akishajenga. Mwingine alisema vita ikirudi ni heri ukimbie na mikono mitupu. Mimi nilisema mama yangu akipona. Nilisema hivyo, na kila mtu aliitikia kwa kichwa, hata mimi mwenyewe, ingawa tunajua wote kwamba mtu aliyepooza hivyo haponi.

Shefe wetu, msimamizi wa zamu, alikuwa mama mmoja wa Ulaya, mtu mpole, ana mvi. Siku moja alituonyesha picha ya mbwa kwenye simu akasema huyu ndiye mtoto wangu. Loo, tulicheka mpaka mmoja akakaa chini. Akasema mji aliozaliwa shule imefungwa, hakuna watoto wa kuijaza, madarasa yamekuwa ghala. Nikamwambia kwa Kireno changu, "Zetu zilifungwa kwa vita, shefe." Akasema pole. Baadaye nilipokuwa najipaka mafuta, kidole kikagusa kile kijiti, nikawaza kwamba nilimcheka bure. Yeye na mimi tumekaa kwenye kiti kimoja, ila yeye amefika mapema.

Nyumbani ndoo ilikuwa inapasuka. Mizizi ilitoka kwenye matundu, ikatambaa juu ya saruji kama inatafuta kitu. Majani yalikuwa mafupi, yamekunjamana. Wapita njia walisema mche huo umedumaa, utupeni. Mama akawajibu kwa ulimi wake mzito, "Mwenyewe bado hajaja." Kwangu akasema ile methali yake, kila nilipotoka kazini, badala ya salamu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na mimi kwa ujeuri wangu nikamwambia siku moja, "Mama, asiye na mwana aeleke jiwe. Nitafutie jiwe zuri niweke mgongoni ulale." Hakucheka.

Mama akakijua kile kijiti asubuhi moja ya kawaida kabisa. Nilikuwa namwinua kitandani nimpeleke akaoge. Kila siku alinishika begani, siku hiyo mkono wake ukateleza, akanikamata juu ya kiwiko kwa nguvu asianguke. Vidole vyake vikapita juu ya kile kijiti. Vikasimama. Vikarudi, vikakipapasa toka mwanzo mpaka mwisho.

"Hiki kipo tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. Nimewahi kumdanganya mama kwa mambo mengi. Nikasema, "Tangu nilipoanza kazi."

Akawa anahesabu kichwani. Mimi bado nimemshikilia, tumesimama katikati ya chumba tumekumbatiana, hatuwezi kuachana kwa sababu nikimwachia anaanguka.

"Mizizi nayo ulikunywa," akasema.

"Nilikunywa."

"Nimekuombea kila siku."

"Najua, mama."

"Kwa hiyo hamkuwa mmenyimwa. Mmezuia." Akavuta pumzi. "Kwa sababu yangu. Mnapishana mlangoni kwa sababu yangu, na mtoto hana wa kumlea kwa sababu wa kulelewa ni mimi. Kumbe mwanangu mnanisubiri nife."

Wallahi nilitaka kusema hapana. Hata leo nikiosha vyombo peke yangu nasema hapana, nasema kwa sauti, jirani ananisikia. Lakini asubuhi ile sikulisema, maana alilonena yeye lilikuwa kweli. Hatukuwahi kulitamka, wala mimi wala mume wangu. Tuliliita mengine. Akipona. Mambo yakikaa sawa. Mbele ya mama nilisimama nimemkumbatia, nikashindwa kumkatalia.

Akasema, "Nipeleke nikaoge." Nikampeleka. Siku tatu zilizobaki za likizo hakutaka nimwogeshe tena, alimngoja jirani. Nilipoondoka kwenda kituoni nilimuaga kutoka mlangoni. Akaitikia salamu kama unavyomwitikia mpita njia.

Wiki nne zile sikulala vizuri. Wiki ya kwanza nilikasirika, nikasema moyoni mwangu, yeye alikuwa na wanawake sita uani, mimi nina nani? Ya pili nikachoka kukasirika. Ya tatu nikaenda kwa shefe nikamwomba anihamishie zamu ya mume wangu, tuingie pamoja tutoke pamoja. Hakuniuliza sababu. Akaandika karatasi, akaipeleka juu mwenyewe, ikarudi na muhuri. Kisha nikaenda zahanati ya kambi nikanyoosha mkono, nikasema kitoeni. Muuguzi alikichomoa, akakiweka kwenye kisahani, kidogo vile. Nilikitazama nikaona haya. Habari ya nani atakaa na mama sikuwa na jibu lake. Nilisema tutaona huko huko.

Nikateremka basini na bandeji mkononi na karatasi kwenye sidiria. Pale kituoni nilimwonyesha mume wangu karatasi. Akaisoma mara mbili, dereva anapiga honi. Hakunifanyia mzaha wa jirani siku hiyo. Akanishika kichwa kwa mikono miwili mbele za watu, akapanda.

Nilikwenda nyumbani karibu nakimbia. Nilitaka mama auone mkono. Nilizunguka kwa nyuma kwanza, sijui kwa nini, na pale penye kivuli ndoo haikuwepo. Palikuwa na duara jeusi tu kwenye saruji na alama za mizizi.

"Ndoo iko wapi?" Nilipiga kelele hata salamu sikutoa.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshaogeshwa, ana poda shingoni. "Nimempa jirani. Binti yake kajifungua, mtoto wa kike."

"Umempa mnazi wangu?"

"Mnazi hauishi ndani ya ndoo, mwanangu."

Sikungoja zaidi. Mimi nina hasira za mbele, kila mtu anajua. Nikaenda uani kwa jirani, nikasema pale pale mlangoni, "Nimekuja kuchukua ndoo yangu!" Jirani alikuwa anamwosha mjukuu wake. Anamwosha ndani ya ile ndoo. Ameikata nusu, ameyaziba matundu, ameisugua imekuwa nyeupe, ina maji ya vuguvugu na mtoto yumo. Akanitazama, akaitazama bandeji, akaelewa kila kitu, yule mwanamke hajawahi kuelezwa jambo mara mbili. Akanionyesha kwa kidevu.

Mnazi ulikuwa umepandwa kando ya uzio, umezungushiwa miba kwa ajili ya mbuzi, mchanga bado mbichi. Kitovu kilianguka juzi, wakakizika jana asubuhi. Kikishazikwa kimezikwa. Hakuna mtu wa kwetu atakayefukua mnazi juu ya kitovu cha mtoto wa mtu, hata awe na hasira za namna gani. Nilichelewa siku moja.

Nikakaa chini. Jirani akamfunga mtoto kwenye kanga akanipakatisha, maana nilikuwa nalia na yeye hakuwa na kitu kingine cha kunipa.

Niliporudi nilipiga magoti mbele ya mama, nikamwonyesha mkono. Akaigusa bandeji kwa vidole vyake vizima, pole pole, kama alivyogusa siku ile. "Imekuuma?" Nikasema haikuuma. Nikamwambia habari ya karatasi ya zamu, na kwamba mimi na mkwewe tutakuwa pamoja, na kwamba sijui yeye nitamweka wapi. Akasema hilo ameshalimaliza yeye na jirani. Tukiwa ndani, yeye atahamia kwa jirani, kitanda kipo, na kuna mtoto wa kumtazama. "Nyinyi nendeni mkatafute wenu," akasema. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi nilikuwa na vishimo vya mchanga. Wewe huna. Nilikasirika kabla sijafikiri, nami nina hasira za mbele."

Tulikuwa na zamu mbili za pamoja, mimi na mume wangu. Tunapanda basi moja, tunakaa kiti kimoja, wenzetu wanatutania maharusi. Tukiwa nje, mama anarudi kwake, nyumba ina watu watatu na kelele. Tukiingia, tunamvusha uani kwa jirani na godoro lake. Zilikuwa siku nzuri. Sitaki mtu adhani sikuwa na siku nzuri.

Zamu ya tatu, mama akafa. Alifia kwa jirani, adhuhuri, kwenye mkeka, mtoto amelala pembeni yake. Wakamzika baada ya alasiri, kama inavyopasa. Habari ilitufikia magharibi, tunatoka kula. Ruhusa ya kutoka ikaja kesho yake asubuhi. Kutoka langoni mpaka kwetu ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Tulisimama tukaziangalia nyumba kule upande wa pili. Mume wangu alisoma Fatiha kwa sauti. Binti wa pekee aliyebaki naye, nilifika kuona mchanga.

Siku ya tatu ya matanga jirani aliniita uani. Alikuwa amembeba mjukuu kiunoni. Akanisogeza mpaka penye uzio wa miba, akasema mama yako aliniachia neno, aliniambia nisikupe mpaka afe. Siku aliyonipa mche huu alinipa kwa sharti. Alisema, nazi ya kwanza itakayoanguka hapa si ya mjukuu wako, ni ya mwanangu, mpelekee. Mwambie akiwa na wa kumpandia, apande. Akiwa hana, aikune atie kwenye mchuzi, ale, asilie.

Tangu siku hiyo mwaka umepita. Tunaingia pamoja, tunatoka pamoja, nyumba tunaifunga kwa kufuli wiki nne, tukirudi ina harufu ya kufungwa. Kila mwezi nasubiri, na kila mwezi naona damu. Muuguzi anasema wengine huchukua muda. Mume wangu haulizi.

Mnazi umeanza kukaza mizizi. Mjukuu wa jirani ameshatembea, anashika yale majani anajivuta, anaanguka, anacheka. Ameambiwa ni wake, mtu akiugusa anapiga kelele. Wiki iliyopita nilisimama nao uani, begi langu mkononi, basi linakaribia. Nikamuuliza jirani, mnazi uliokaa ndoo miaka yote ile, unazaa baada ya miaka mingapi?

Akalitazama shina, akautazama ukuti. "Sita," akasema. "Huu ulidumaa. Labda saba."

Mimi nina miaka thelathini na tisa.